Kopo la Elfu Hamsini

Jumapili, 3 Machi 2024

Daftari hili ni la Happiness, aliliacha alipoenda bweni, na kurasa za nyuma hazina kitu. Nimeona vibaya kuliwashia moto. Aliniambia, "Mama, andika hata mstari mmoja kwa siku, mkono usije ukasahau kalamu." Basi naandika. Shule niliishia darasa la tano, mwandiko wangu ndio huu.

Leo ilikuwa sadaka ya mavuno. Watu wameleta karoti, maharage, kuku, ndizi. Mimi nimepeleka kopo moja la mafuta yetu ya parachichi, yale ya kupaka mwili tunayotengeneza kikundini. Baada ya ibada vitu vikanadiwa nje kama kawaida. Mnadi ni Mzee Kornelio, na yule mzee akishika kitu hata boga lililooza utalitaka. Akalinyanyua kopo langu, akasema, "Ngozi ya mama mkwe inalia huku, mkwe gani atainyamazisha?"

Anord, yule aliyekuja na gari kutoka Dar, akasema elfu kumi. Shemeji yake akasema kumi na tano. Wakwe wanatazama, nani akubali kushindwa? Wakapandishana hao hadi likamwangukia Anord kwa elfu hamsini! Kopo ambalo mwenye duka tunamuuzia elfu sita. Anord akampa mama mkwe wake palepale, vigelegele vikapigwa, mchungaji mwenyewe akacheka.

Nimerudi nyumbani natembea katikati ya barabara kama mtu aliyepewa cheo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Parachichi tulizoponda jana hazikauki, zinachacha kwenye turubai. Secilia rafiki yangu kaleta jiko la mkaa tukakaushia ndani, tukatoka macho mekundu kama walevi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimepokea wageni peke yangu. Perpetua, mwenyekiti wetu, alikuwa msibani, na Secilia ambaye ndiye katibu alikwenda Lushoto mjini kununua makopo. Wengine walikuwa shambani. Nipo na sufuria zangu, mara wanaingia kijana mmoja na binti mmoja wamevaa vitambulisho shingoni. Watu wa kodi. Nikafuta mikono haraka haraka.

Lakini binti ni mzuri, jamani! Aisha, mtu wa Tanga mjini. Kaniamkia shikamoo kabla sijamwona vizuri. Nikawawekea chai ya tangawizi na magimbi, wakala wakamaliza. Akashika kopo, akanusa, akajipaka mkononi, akasema, "Mama, hili likienda mjini ni bei mbaya." Akaniuliza linauzwaje.

Nikaona nikisema elfu sita nitakuwa nimewashusha wenzangu. Nikamwambia, "Mwanangu, inategemea. Juzi tu moja limetoka kwa elfu hamsini, na watu walikuwa wanagombania." Macho yakamtoka. Akaandika. Kijana naye akaandika.

Nimefurahi. Wameondoka wanajua kikundi chetu si cha mchezo.

Jumamosi, 9 Machi

Kupalilia. Mgongo.

Jumanne, 19 Machi

Barua imekuja, Secilia katusomea amesimama. Inasema bei tunayoandika ya elfu sita kutokea kiwandani siyo bei ya kweli. Kwa hiyo wameirekebisha iwe elfu hamsini, na ushuru wa bidhaa tuulipe kwa bei hiyo, pamoja na makopo yote tuliyoyauza tangu Januari.

Sisi ushuru tunaujua, tunaulipa kila mwezi, ni kafungu ka bei ya kopo. Lakini kwa bei hiyo mpya ushuru wa kopo moja unakaribia kuwa bei ya kopo lenyewe! Tungekuwa tunakamua parachichi za serikali.

"Elfu hamsini wameitoa wapi?" Perpetua akauliza.

Secilia akasema hajui, yeye kila mwezi anaandika elfu sita.

"Basi kompyuta yao imeota ndoto," mmoja wetu akasema.

Wanawake wakacheka. Perpetua hakucheka, alikuwa anamtazama Secilia.

Mimi sikufikiri chochote. Naapa sikufikiri.

Ijumaa, 22 Machi

Mkutano. Perpetua alipiga simu ofisini, akaambiwa tukitaka kupinga tupinge, ila wengi hulipa kwanza wasifungiwe, na pingamizi likikubaliwa kilichozidi kinarudishwa. Kwa hiyo akiba yote itakwenda huko. Ile tuliyokuwa tugawane Juni, ada za watoto.

Wakaanza maneno. Kwamba kuna mtu anawauzia watalii makopo kwenye hoteli kwa bei ya juu, anatuletea sita, na watu wa kodi wamemgundua. Hakuna aliyetaja jina. Secilia alikuwa amekaa mbele yetu na kalamu yake, anaandika yote hayo kama kazi yake inavyomtaka.

Niliporudi nyumbani nilimwuliza Danieli, mume wangu, yeye anaonaje. Akasema, "Mjane ameezeka bati jipya mwaka huu. Mimi sisemi kitu." Na mimi nilishaliona hilo bati la Secilia.

Alhamisi, 28 Machi

Tumepandisha bei ya kopo hadi elfu tisa, ushuru mpya upate pa kutokea. Mwenye duka amelalamika, kisha akachukua.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Secilia aliniwekea nafasi kwenye benchi kama miaka yote, akawa ananionyesha kwa kidevu. Nikajifanya sijamwona, nikakaa nyuma na wanakwaya wastaafu. Mwanamke niliyepata naye kipaimara siku moja, aliyenipokelea Happiness wangu mkunga alipochelewa. Lakini bati lile lilinikaa rohoni.

Alhamisi, 4 Aprili

Tumelipa. Perpetua alirudi kutoka benki hana hata hamu ya kuvua koti.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nitaandika yote.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na ukungu umeshuka hadi mlangoni. Saa kumi jioni nikasikia hodi. Ni Secilia, amelowa, viatu kavishika mkononi. Alikuwa ametoka Lushoto mjini kupeleka pingamizi. Nikampa kigoda karibu na moto, kwa sababu mtu aliyelowa huwezi kumwacha nje hata kama unamshuku.

Akakausha miguu kwanza. Kisha akasema, "Elinuru, nimewauliza bei wameitoa wapi."

Yeye peke yake ndiye ananiita Elinuru. Wengine wote ni Mama Happy.

"Wakasemaje?"

"Wanasema haikutoka kwenye karatasi zangu. Waliikuta hapa hapa, maofisa wao walipokuja kukagua. Tarehe nane mwezi wa tatu. Waliambiwa na mwanakikundi."

Nilikuwa nachochea moto. Nikaendelea kuchochea. Ndipo nikajiona mimi mwenyewe na birika la chai, nacheka na yule binti, namwambia inategemea, mwanangu. Nikaona anaandika. Jamani, nilikuwa namtazama anavyoandika!

Secilia akasema, "Siku hiyo mimi nilikwenda kununua makopo. Perpetua alikuwa msibani. Wewe si ulikuwepo?"

Nikasema, "Sikumbuki."

"Hukumbuki kama ulikuwepo?"

"Labda nilikuwepo. Wageni hawakosi pale. Sikumbuki walichouliza."

Mbuzi analia uani, mvua inapiga bati. Secilia akanitazama, siyo kwa ukali, alikuwa kama anayesubiri mtu amalize kufunga kanga ndipo waondoke pamoja. Akasubiri vya kutosha. Kisha akavaa viatu vyake vilivyolowa, akasema, "Haya. Asante kwa moto."

Ningemwita. Alikuwa bado kwenye migomba yangu, ningeinua sauti kidogo tu angerudi. Niliogopa Danieli angesikia, na Perpetua, na wale wote ambao watoto wao wangerudishwa nyumbani kwa ada. Nikafunga mlango.

Jumamosi, 13 Aprili

Sikwenda kikundini. Nimesema tumbo.

Jumapili, 14 Aprili

Tumbo.

Jumanne, 16 Aprili

Danieli anataka kunipeleka zahanati. Nimekwenda kukamua.

Ijumaa, 19 Aprili

Mkutano tena. Perpetua alisema kabla pingamizi halijajibiwa ni vizuri katibu apumzike, na kitabu ashike mtu mwingine. "Kupumzika si kufukuzwa," alisema.

Secilia akauliza, "Kosa langu ni lipi, mwenyekiti? Nitajie nilijue."

"Hakuna aliyesema kosa."

"Basi nampumzikia nani?"

Perpetua akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda mmoja mmoja, kila mtu anamtazama jirani. Nikawaza nisipoinua wataniuliza kwa nini. Nikainua. Niliinua kidogo, kiwiko hakikuacha mbavu. Lakini Perpetua akahesabu, na mimi nikahesabiwa.

Secilia akafunga kitabu, akakifuta kwa kanga, akakiweka mezani. Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Jumatano, 24 Aprili

Happiness kapiga simu kwa simu ya matroni. Kauliza habari za mama Brian, yaani Secilia. Nikasema mzima. Kasema, "Msalimie sana, mwambie sweta alilonifumia wenzangu wananiazima." Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumapili, 28 Aprili

Leo ilikuwa meza ya Bwana. Safu yetu ilipoinuka nikabaki nimekaa. Wakapita wakikanyaga miguu yangu. Mzee Kornelio alinitazama hadi miwani ikamshuka. Jirani akaninong'oneza, "Mama Happy, unaumwa?" Nikasema ndiyo. Sasa nimesema uongo hata pale.

Secilia alipita kwenye ujia akirudi mahali pake. Amekonda.

Alhamisi, 2 Mei

Udongo umeporomokea barabara chini ya Lukozi, magari ya mboga hayapiti. Danieli amerudi na kabichi zake zote. Tunakula kabichi.

Ijumaa, 3 Mei

Nimekwenda.

Nilimkuta anachambua maharage barazani. Hodi yangu ilikuwa ndogo, ikabidi nipige tena. Akaniambia nikae. Nikakaa chini kwenye gunia, kigoda nikakiona kirefu mno.

Nikasema, "Secilia, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyesema elfu hamsini. Nilimwambia yule binti habari za kopo la mnada. Sikumwambia kama ni mnada. Nilitaka atuone watu."

Akaendelea kuchambua. Akatupa jiwe moja, la pili.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Elinuru, nilipotajiwa tarehe nane tu pale ofisini nilijua ni wewe na kopo la mnada. Kopo gani lingine lilitoka kwa elfu hamsini? Kanisa zima tulishangilia. Nilikuja kwako nikitembea haraka, nacheka mwenyewe njiani. Nikasema tutacheka sana leo, kisha tutakwenda wote kumweleza yule binti, basi." Akainua uso. "Wewe ukaniambia hukumbuki."

Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia akina Perpetua.

"Ningewaambia nini? Kwamba Mama Happy anasingizia kutokumbuka? Mimi ambaye nina bati jipya?" Kumbe habari za bati zimemfikia. "Bati lile ni fidia ya marehemu mume wangu. Wewe ndiye uliyenisindikiza kusaini, ukasahau na hilo."

Kweli nilimsindikiza. Kweli nilisahau. Mtu ukishaanza kumfikiria mwenzio vibaya, kichwa kinatupa vitu vyote vinavyomtetea.

Nikalia. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akasema Jumanne twende mjini, tumchukue na Mzee Kornelio, kwa sababu mnadi ndiye shahidi.

Jumanne, 7 Mei

Tumepita kwa miguu pale palipoporomoka, tukapanda gari upande wa pili. Mzee Kornelio kavaa suti ya mazishi. Njia nzima hakuuliza kwa nini mimi ndiye niliyechelewa kusema. Alikuwa anaongea habari za mvua ya mwaka aliooa.

Aisha alinikumbuka. "Mama wa magimbi! Shikamoo." Nikaitikia marahaba nikiwa natazama meza.

Nikamweleza. Alikuwa haelewi. "Kopo moja elfu hamsini, halafu mnunuzi hakulitaka?"

Mzee Kornelio akakohoa. "Binti yangu, huyo hakununua mafuta. Alitoa sadaka, na alikuwa anamshinda shemeji yake. Mimi pale nimeshanadi yai moja kwa elfu ishirini. Sasa nalo mtalirekebishia bei?"

Aisha akacheka hadi akashika mdomo, akaomba radhi. Akasema yeye kwao msikitini hawana mnada huo, angejuaje. Kisha akawa mtu wa kazi. Akatuandikisha maelezo, mzee akaweka sahihi, mimi nikaweka yangu.

Akauliza swali moja tena, na akaniuliza mimi. "Baada ya barua yetu, mama, mlipandisha bei?"

Nikamtazama Secilia. Secilia akasema, "Sema. Bei ya dukani."

Nikasema tulipandisha hadi elfu tisa. Aisha akatueleza taratibu kama anayemweleza mtoto: ule ushuru uliozidi kwenye makopo tuliyouza kwa sita tuliubeba sisi, huo unarudishika. Lakini kwenye makopo ya elfu tisa nyongeza ameilipa mnunuzi, hivyo hatuwezi kurudishiwa pesa ambayo tulishaichukua kwa watu.

Wakati wa kurudi Secilia alikaa mbele na dereva.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua imepungua. Hakuna jibu.

Jumatano, 5 Juni

Jibu limekuja. Pingamizi limekubaliwa, bei imerudi elfu sita, na kilichozidi tangu Januari hadi tulipopandisha kinarudi. Sehemu kubwa ya akiba yetu itakuwepo. Ada itapatikana, si yote. Perpetua alipiga kelele ya furaha shambani kwake nikaisikia kwangu. Wanasema Mungu mkubwa. Hakuna anayeuliza pingamizi lilishinda vipi.

Ningeweza kuliacha hivyo. Nimeliwaza jambo hilo, naandika ili nijue kwamba nililiwaza.

Jumamosi, 8 Juni

Jua leo, la kwanza kushika. Tulitandaza parachichi nje, tukafanya mkutano palepale. Secilia alikuja kama mwanachama wa kawaida, akakaa mwisho.

Perpetua alipomaliza kusoma nikasimama. Nikasema bei ile ilitoka mdomoni mwangu, na kwamba Secilia alikuja kuniuliza nikamkana, na siku ya kura nikainua mkono nikijua. Nilisema haraka haraka.

Mmoja akasema, "He!" Mwingine akasema, "Mama Happy? Huyu huyu?" Mama mmoja mzee akauliza, "Na ile pesa isiyorudi, ya makopo ya elfu tisa, nani kamwambia yule binti?" Nikasema mimi. "Mdomo wako tena!" akasema, na watu wakacheka, mimi sikuweza.

Perpetua hakucheka. Alimgeukia Secilia, akasema, "Dada, mimi ndiye niliyehesabu mikono. Nisamehe." Akachukua kitabu, akampelekea kwa mikono miwili mpaka pale alipokaa.

Secilia alikipokea. Akasema, "Nimewasamehe wote. Nitashika." Akafungua, akauliza nani ana kalamu. Nilikuwa nayo mimi. Nikampa, akaandika majina ya waliohudhuria, na langu akaliandika.

Tulipotawanyika nilimngoja njiani. Mimi na Secilia tangu tukiwa wasichana tunaongea Kishambaa, Kiswahili ni cha ofisini na cha wageni. Alipofika nilipo hakupita. Alisimama, akanishika mkono vizuri kabisa, akasema, "Habari za mchana?"

Nikaitikia, "Nzuri." Kwa Kiswahili, kama alivyotaka.